Pua ya Chuma ya Baba Mdogo

Baba mdogo alipoteza pua yake mwaka juzi, katika mafua yaliyomlaza kitandani kule Makambako hadi akawa anaongea kama mtu aliyetumbukia kisimani. Pua yenyewe ilibaki mahali pake, pana, yenye kovu dogo la cheche za kuchomelea, ila haikumletea tena habari yoyote. Mafua yalipoondoka alijaribu kunusa kitunguu. Akanusa mafuta ya taa. Akanusa soksi zake za kazini, akacheka peke yake.

"Vyote maji," aliniambia kwenye simu.

Hospitali walimwambia asubiri, harufu huwa zinarudi. Akasubiri. Hazikurudi.

Mtu mwingine angesikitikia chakula. Baba mdogo aliisikitikia kazi. Ni fundi wa magari ya zamani, yale yenye kabureta, na kabureta alikuwa akiziseti kwa kunusa. Aliinama nyuma ya gari linalounguruma, akafumba macho, akavuta pumzi moja fupi akiwa mbali kidogo na bomba la moshi. Kisha alisema, "Mafuta yamezidi," au, "Hii inakula hewa tupu," akarudi mbele kugeuza skrubu kidogo tu, kama anayepunguza utambi wa taa. Nilipokuwa mtoto nilidhani mafundi wote hufanya hivyo, kama wapishi wote wanavyoonja mchuzi.

Jumamosi moja nilishuka kutoka Njombe kwenda kumjulia hali. Ulikuwa mwezi wa saba, ule wakati ambapo ukungu unalala barabarani kama ng'ombe asiyetaka kuondoka, na watu wa Makambako, wanaojidai kwao hakuna baridi kama kwetu, wanatembea wamejifunga mablanketi. Nilimkuta gereji, ameketi kwenye tairi mbele ya jiko la mkaa.

"Kamwene, mama," alisema.

"Kamwene, ba'mdogo."

Ananiita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Tangu nilipozaliwa ameniheshimu na kunitania kwa pamoja, jinsi mtu anavyoweza kumfanyia mama yake akiwa amerudi mdogo kuliko yeye.

Juu ya meza yake ya kazi niliona kopo lake la jeti limefungwa kwa mpira. Nililijua kopo hilo. Jeti ni kijiti cha shaba, kifupi kuliko kucha ya kidole gumba, chenye tundu katikati ambamo petroli hupita kuingia kwenye kabureta. Tundu likiwa kubwa, injini inakunywa zaidi. Likiwa dogo, inakunywa kidogo. Baba mdogo alikuwa na jeti za kila tundu, alizozikusanya tangu ujana wake kutoka kwenye magari yaliyokufa. Kopo hilo halikuwahi kufungwa kwa mpira. Mfuniko wake ulikuwa ukikaa wazi mchana kutwa.

"Nampa fundi wa jirani," alisema alipoona naliangalia. "Msimu wa viazi ukiisha, nafunga. Nitarudi kijijini nikalime parachichi kama watu wote wenye akili."

"Kwa sababu ya pua?"

"Mama, ungekwenda kwa kinyozi kipofu?"

Ilibaki kazi moja ambayo hakuweza kuikwepa. Mwanamke mmoja wa Mawengi, kule Ludewa, alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea viazi. Kabureta yake ilikuwa imepasuka, akapata nyingine iliyotumika, na kabureta ngeni kwenye injini ni kama mke mpya kwenye jiko la mawifi: lazima vizoeane kwanza. Mwanamke huyo alikuwa mteja wake wa miaka mingi, na alikuwa amesema waziwazi kwamba gari lisipopanda mlima wa kwenda Njombe likiwa na mzigo, atang'oa injini nzima aweke ya kisasa. Baba mdogo naye alikuwa amejiwekea nadhiri. Akishindwa na gari hilo, hatasubiri msimu uishe.

"Sasa umekuja," alisema akiinuka. "Una pua. Njoo uitumie."

Aliwasha pikapu. Nikasimama nyuma yake kama nilivyomwona akisimama yeye, nikafumba macho, nikavuta pumzi.

"Inanukaje?"

Naandika riwaya. Maneno ndiyo shamba langu. Nilijikusanya, nikasema inanuka kama darasa siku ya kufungua shule, rangi mpya na vumbi la zamani, halafu kuna kitu kitamu nyuma yake, kama tunda lililoanza kuoza.

Baba mdogo aliikuna pua yake.

"Mama," alisema, "nakuuliza petroli, unaniletea shairi. Mafuta yamezidi au yamepungua?"

"Sijui."

"Tunda limeoza sana au kidogo?"

Tulicheka hadi tukashika bodi ya gari. Lakini alipozima injini niliona alivyofuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, polepole, kama mtu aliyemaliza kazi ya siku. Ilikuwa bado asubuhi.

Nilirudi Njombe na swali hilo. Kila nilipofungua sura niliyokuwa naandika, nilijikuta nasoma kwenye simu kuhusu moshi. Nilitaka kujua kama kuna kitu kinachonusa. Kipo. Kwenye magari mengi ya siku hizi, ndani ya bomba la moshi, kuna sensa ya oksijeni, umbo lake karibu sawa na plagi, inayopima oksijeni iliyobaki baada ya mafuta kuungua. Lakini ile ya kawaida ni kama shahidi mwenye maneno mawili. Inasema "mafuta yamezidi" au "hewa imezidi," basi. Haisemi kwa kiasi gani. Anayetaka kuseti injini anahitaji ya aina nyingine, sensa ya wigo mpana, ambayo mafundi wa mijini huiita waidibendi. Hiyo inaweza kusema imezidi kidogo, imezidi sana, imekaribia, imepita.

Niliduwaa nilivyosoma inavyofanya kazi. Ndani yake kuna kipande cha kauri, jamaa wa mbali wa chungu. Kikiwa baridi ni jiwe tu. Kikipashwa na umeme hadi kiwake, kinaanza kupitisha oksijeni na kuzuia vingine vyote. Nilisoma sentensi hiyo mara kadhaa nikiwa dirishani, nje manyunyu yakidondoka kwenye miti ya miwati. Chungu kinachopumua kikiwa na moto. Nilitamani ningeibuni mwenyewe.

Nilipompelekea habari, baba mdogo hakuduwaa. Aliuliza maswali. Tuliketi mbele ya jiko, simu yangu kati yetu, nikamwonyesha zilizokuwa zinauzwa na wauzaji wa Dar es Salaam, na kila moja aliihoji kama mchumba aliyekuja kuposa.

Ya kwanza ilikuwa sensa peke yake, bila kisanduku cha kuisomea.

"Yaani ananusa lakini hana mdomo," alisema. "Pita."

Ya pili ilikuja na geji ya namba kubwa za rangi, na muuzaji alinitumia ujumbe wa sauti akiisifia: "Dada yangu, chukua hii, inawaka bluu na nyekundu, gari litakuwa kama ukumbi wa harusi!"

"Mwambie asante, sina harusi," baba mdogo alisema. "Namba zinarukaruka. Nikizisoma nitaingia mtaroni. Nataka mshale. Mshale nauona kwa pembe ya jicho, naona unaelekea wapi hata kabla haujafika."

Zikabaki mbili zenye mshale. Zote zilikuwa na kisanduku chake na waya zake. Tofauti ilikuwa moja, nayo ilinichukua muda kuieleza. Moja ilikuwa imepimwa kiwandani, na kipimo chake kimefungiwa ndani ya kichwa cha waya, ukishaichomeka, umemaliza. Nyingine ilitaka mwenye nayo aifundishe. Unaitoa kwenye bomba, unaiwasha ikiwa hewani, unabonyeza kitufe, nayo inashika: hii ndiyo hewa safi, kuanzia hapa nitapima mengine. Na kwa kuwa kila sensa huchoka kadiri inavyokula moshi, hiyo ya pili inaweza kufundishwa tena na tena.

Mimi nilitaka ya kiwandani. Haina usumbufu.

"Ikichoka itaniambia kwamba imechoka?" aliuliza.

Nilitafuta. "Hapana. Itaendelea kuonyesha tu."

"Kama mimi, basi." Aligeuza mkaa kwa bisibisi. "Mimi niliendelea kunusa wiki nzima bila kujua nimekwisha. Nikaharibu gari la watu. Chukua inayofundishika."

Ilifika na basi ndani ya boksi dogo, imevikwa sponji kama yai. Baba mdogo aliishika kwenye kiganja na kuipima uzito, akachungulia vitundu vya kichwani mwake.

"Karibu," aliiambia. "Hapa kwetu ni baridi."

Alitoboa bomba la moshi la pikapu na kuchomelea nati ya kuishikilia. Hakuiweka wima chini. Aliilaza ubavuni juu, kwa mteremko wa paa la nyumba, kwa sababu karatasi ya maelezo ilionya juu ya maji, na kila mtu wa huku anajua jinsi mabomba ya moshi yanavyotema maji asubuhi za baridi. Tone moja kwenye kauri inayowaka, imepasuka. Hilo alilielewa kabla sijamaliza kusoma. "Ni kama kumwaga maji kwenye chungu kilicho motoni," alisema, na nikafurahi kwamba yeye pia, bila kujua, alikuwa ameanza kusema mashairi.

Kabla ya kuifunga, tuliifundisha. Nje manyunyu yalikuwa yamegeuka mvua ya upande upande, kwa hiyo tulifunga mlango wa gereji. Nilisoma maelezo kwa sauti: iwe nje ya bomba, iwe hewani, iwashwe, isubiriwe ipate moto.

"Ipate moto," baba mdogo alirudia, na mikono yake ikafanya ilichozoea kufanya. Wakati wa baridi, gari likikataa kuwaka, mafundi wa huku wanatoa plagi na kuzipasha kwenye jiko, kisha wanazirudisha zikiwa za moto, na injini inaamka. Nimeona ikifanyika tangu utotoni. Nimeshikishwa koleo mimi mwenyewe. Sensa ilifanana na plagi, siku ilikuwa ya baridi, jiko lilikuwa linawaka. Akaining'iniza kwa waya wake juu ya makaa, si karibu sana, kwa heshima. Tukakaa pande zote mbili tukiota moto, sisi watu wawili na kauri moja. Taa ndogo ilipoacha kupepesa, nikabonyeza kitufe.

"Imeshika?"

"Imeshika."

Siku iliyofuata, baada ya ibada, tulizunguka na pikapu kwenye barabara tambarare za Makambako, mifuko ya mchanga nyuma badala ya viazi. Sitaisahau furaha ile. Mshale ulikuwa hai. Baba mdogo alikanyaga mafuta, ukainama, aliachia, ukanyooka. Niliona pumzi ya injini kama ninavyoona pumzi yangu kwenye asubuhi ya ukungu. Kwenye kioo cha geji tulikuwa tumeweka alama kwa rangi yangu ya kucha, mahali ambapo injini iliyobeba mzigo inapaswa kusimama. Mshale ulipita alama, ukaenda upande wa mafuta, mbali kabisa.

"Yamezidi hivyo?" alishangaa. "Sikio langu linasema si sana."

"Sikio si pua, ba'mdogo. Ulisema mwenyewe."

Akafungua kopo, akachagua jeti yenye tundu dogo zaidi, akaifunga. Mshale ukarudi karibu na alama. Akaweka ndogo kuliko hiyo. Mshale ukakaa juu ya rangi ya kucha kama ndege kwenye waya. Akalifunga tena kopo kwa mpira, safi, akasema kesho mwenye gari aje.

Mwanamke wa Mawengi alikuja na magunia ya mbegu ya viazi aliyoyanunua Makambako, ya kupeleka Njombe, na mdomo wake. Alikuwa mrefu, mwenye rozari kwenye kioo cha gari na buti za mvua miguuni. Aliitazama geji iliyobandikwa juu ya usukani.

"Fundi, hiki nini? Nimekuletea pikapu, unanirudishia ndege?"

"Hiyo ndiyo pua yangu," baba mdogo alisema.

"Basi umepata nzuri. Ile ya kwanza ilikuwa inatisha watoto."

Tulipanda wote watatu mbele, mimi katikati, yeye akiendesha. Mwanzoni barabara inacheza tu na vilima, na pikapu ilienda vizuri, mshale ukiwa umetulia. Kisha mlima wa kweli ukaanza. Alishusha gia. Mzigo ukavuta nyuma. Mshale ulikwenda moja kwa moja kwenye alama ya kucha na kusimama hapo, na wakati huohuo nikasikia kitu ndani ya injini, kama sarafu zinazotikiswa kwenye kopo la maziwa.

Baba mdogo alisikia kabla yangu. Uso wake ulikuwa umeshageuka.

"Inagonga," mwanamke alisema. Hakuwa anatania tena. "Fundi, inagonga kuliko ulivyoipokea."

"Simama."

"Nikisimama hapa na mzigo huu..."

"Simama, mama, kabla haijatoboa pistoni."

Alisimamisha pembeni, kwenye nyasi. Nikashuka kutafuta mawe ya kuzuia tairi. Baba mdogo alifunua boneti, akasubiri kidogo, akafungua plagi kwa spana na kitambaa, akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa nyeupe. Plagi ya injini iliyoshiba huwa na rangi ya chai ya maziwa. Hii ilikuwa nyeupe kama jino. Injini ilikuwa na njaa. Ilikuwa inaungua kwa kukosa mafuta, na geji ilikuwa imesema kila kitu ni sawa.

"Kwa hiyo pua yako inadanganya," mwanamke alisema, si kwa ukali. Alikaa kwenye ngazi ya gari, akavua buti moja na kukung'uta kijiwe. "Fundi, usijisumbue. Nikifika Njombe polepole nitaongea na wale vijana wa injini za kisasa. Hatuna ugomvi."

Baba mdogo alikuwa ameshika plagi mkono mmoja na mwingine umegusa mfuko wa koti lake wenye kopo la jeti, na nilijua amesikia mlango wa gereji yake ukifungwa.

Mimi sikuweza kuliacha. Siyo kwa ushujaa. Nilitaka tu kujua. Plagi haidanganyi, ni masizi na rangi tu. Sensa nayo haina sababu ya kudanganya, ni chungu. Vitu viwili visivyojua kusema uongo vilikuwa vimepingana mbele yangu. Nilipanda ukingo wa barabara hadi juu, palipokuwa wazi, shamba lililokwisha kuvunwa, upepo ukitoka mbali bila kukutana na nyumba yoyote. Nilivuta pumzi ndefu ili nifikiri. Nikasikia harufu ya mkaa.

Nikageuka kutazama nani anachoma. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na moshi popote, kilima baada ya kilima. Harufu ilikuwa inatoka kwangu. Ilikuwa kwenye sweta langu.

Nimeishi na harufu hiyo maisha yangu yote. Iko kwenye mablanketi yetu, kwenye nywele zetu, kwenye vitabu vya nyimbo kanisani. Ndani ya nyumba siisikii kamwe. Ilibidi nisimame kwenye upepo ndipo nijue kwamba nimeivaa.

"Ba'mdogo!" Nilishuka mbio, nikiteleza. "Siku ile tunaifundisha, ilikuwa wapi?"

"Nani?"

"Sensa. Ilikuwa wapi?"

"Si juu ya jiko..." Alinitazama, kisha akaitazama pikapu, kisha akapiga paji la uso kwa kiganja chenye grisi. "Yesu wangu. Tumeipasha kama plagi."

"Nini?" mwanamke aliuliza.

"Tumempa mtoto moshi wa mkaa," baba mdogo alisema, "tukamwambia, mwanangu, hii ndiyo hewa safi."

Tulimweleza, tukipokezana. Sensa ilikuwa imejifunza kwamba hewa yenye oksijeni haba ndiyo hewa kamili, na tangu hapo kila ilichokiona ilikikuza. Mafuta yakizidi kidogo, yenyewe ilipiga kelele kwamba yamezidi sana. Nasi tukayapunguza, na kuyapunguza tena.

Mwanamke wa Mawengi alicheka hadi akainamia goti. "Wabena! Mtaota moto mpaka siku ya kiyama!"

"Na wewe Mpangwa utakuja kuomba kaa la moto," baba mdogo alijibu, na sauti yake ilikuwa imerudi kidogo.

Alilala chini ya gari na spana. Sensa ilitoka na moto wake, imefungwa kwenye kitambaa. Tulitoa kisanduku chenye kitufe, tukavuta waya wake mrefu kutoka garini, tukapanda na vyote ukingoni hadi waya ulipofikia mwisho. Baba mdogo aliishika kwa waya, akaiinua juu, kichwa chake kidogo kikining'inia kwenye upepo. Kisha akasimama hivyo, akiwa na wasiwasi, na nikaelewa kwa nini. Hewa yoyote kwake ilikuwa maji. Angeweza kuwa amesimama juu ya tanuri la matofali asijue.

"Mama," alisema, "inanukaje?"

Nilifumba macho. "Kuna udongo. Udongo uliogeuzwa, wenye unyevu, kama..."

"Udongo hauna kesi. Moshi?"

"Kuna mkaa. Ni mimi. Ni sweta."

"Livue."

Nililivua, nikalitupa chini barabarani, na baridi ikanishika mbavu kama mikono ya mtu aliyetoka kufua mtoni.

"Utakufa na nimonia kwa ajili ya pua ya chuma!" mwanamke alipiga kelele kutoka chini, lakini aliliokota sweta langu na kulifungia ndani ya gari, pamoja na kitenge chake chenye harufu ya jiko, kwa uangalifu wa mtu anayeficha vitu kabla wageni hawajaingia.

"Sasa?"

Lori la mbao lilikuwa linapanda, polepole, likiburuta moshi wake mweusi. "Subiri," nilisema. Lilipita. Moshi ukaja hadi miguuni mwetu, ukapanda, ukakaa. "Subiri. Bado. Dizeli. Bado ipo." Upepo ulifanya kazi yake. Dizeli ikawa nyembamba, ikawa uzi, ikawa shaka. Baba mdogo alikuwa ananitazama usoni kama alivyokuwa akiutazama mshale. Nilitafuta harufu yoyote, hata ndogo, ya kumwelezea. Maneno yalikuja mengi kama kawaida, nikayaacha yapite, kwa sababu hakuna hata moja lililokuwa na kitu cha kushika.

"Hainuki kitu, ba'mdogo."

"Una hakika?"

"Hainuki kitu."

Akabonyeza.

Tuliirudisha kwenye bomba, vidole vyangu vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi hivi kwamba mwanamke alininyang'anya spana ndogo. Tulirudi nyuma hadi chini ya mlima, tukapanda tena kidogo tu, kwa kujaribu. Sarafu zikaanza kulia, na safari hii mshale ulikubaliana nazo: ulianguka upande wa hewa, mbali na rangi ya kucha. Baba mdogo alitoa sauti fupi kooni, kama mtu aliyetambuliwa na rafiki sokoni. Palepale pembeni ya barabara alitoa kopo mfukoni, akang'oa mpira kwa meno, akachagua jeti kwa kuzipitisha mbele ya jicho dhidi ya mbingu.

Tulipanda. Gia ya pili, mzigo ukivuta, mwanamke ameegemea usukani kana kwamba anasukuma kwa kifua. Mshale ulikwenda kwenye alama na kusimama. Tulisikiliza mlima mzima, tukitegea zile sarafu, na zilizokuja ni kelele za rozari tu ikigonga kioo.

Juu, alisimamisha gari bila kuambiwa. Baba mdogo alifungua plagi. Haikuwa bado na rangi ya chai, ilikuwa imeanza tu kuwa na rangi ya mtu aliyekula.

"Fundi," mwanamke alisema, akiwa amegeuza uso barabarani, "nina shemeji yangu Lugarawa ana lendrova. Kabureta. Inamsumbua. Nimlete lini?"

Baba mdogo alitafuta kwenye nyasi, akainama, akatafuta tena. Nilidhani anatafuta mpira wa kopo.

"Ule mpira umebaki kule chini," nilimwambia.

"Nautafuta wa nini?" alisema, akainuka na kijiwe alichokuwa anakitaka cha kuwekea plagi isibiringike. "Mwambie alete Alhamisi."

Mwaka huu, viazi vilipoanza kukomaa, alinipigia simu nikiwa katikati ya sentensi. Sensa ilikuwa imekula moshi wa kutosha, mshale ulikuwa umeanza uvivu. Nilimuuliza pua yake inaendeleaje. Alisema juzi alihisi kitu kama kitunguu, labda, au alikuwa anakikumbuka tu.

"Panda gari uje," alisema. "Na usivae sweta."